Je, wajua kwa nini friji ya mtaani haiwekwi kufuli?

Kama hujawahi kuiona nikueleze kwanza. Ni friji ya kawaida tu, ile ya nyumbani, imewekwa nje pembeni ya duka au kanisa au ukumbi ambao wenyewe wamekubali kutoa umeme, na haina kufuli wala mlinzi wala daftari la kusaini. Mwenye chakula kilichozidi anaweka, anayetaka anachukua, saa yoyote ile, hamna wa kumuuliza kitu. Sasa kila anayesikia hivi swali lake la kwanza ni lilelile, si atakuja mtu mmoja na mifuko mitano akombe vyote aondoke?

Anaweza. Na akikomba hajaiba, hapo ndo wengi wanapoteleza. Friji iliyojazwa asubuhi ikawa tupu kabla ya mchana maana yake chakula kimeshafika kwa watu, hasara ni kile kilichokaa humo siku tano hadi kikaota ukungu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, wao walikuwa wanaonya, ila kwa friji hii kuisha bila habari ndo mpango wenyewe. Halafu piga hesabu ya huyo mkombaji, chakula kilichopikwa jana na mboga zilizoanza kulegea atampelekea nani? Haviwekeki kama pesa, haviuziki kirahisi, kesho kutwa vimeoza, kwa hiyo akishabeba cha nyumbani kwake na cha jirani hana sababu ya kuendelea. Wapo wanaobeba kingi kila siku, sikatai, na kelele kwenye grupu la WhatsApp haziishi, ila huwezi kujua kwa macho nani anabebea nyumba yenye watoto sita na mgonjwa asiyeweza kushuka ngazi.

Upande wa pili ni kwamba kufuli nalo lina gharama yake. Ukiweka kufuli unahitaji ufunguo, ufunguo unataka mtu wa kuushika, huyo mtu itabidi aamue nani anastahili, akishaanza kuamua zinakuja fomu na foleni na masaa ya kufungua, na mtu ambaye mshahara umechelewa wiki mbili tu hatapanga foleni ya maskini mbele ya majirani zake, atalala njaa. Friji ya wazi inamuacha aje saa nne usiku achukue anachotaka, na mwezi ujao akipata anarudisha au asirudishe, yote sawa. Ndo tofauti ya kusaidiana na kutoa msaada, kwenye kusaidiana hakuna upande mmoja wa kutoa daima na mwingine wa kupokea daima. Kule Galdakao, mji mdogo wa Wabaski huko Hispania walikofungua friji yao mwaka 2015, aliyeianzisha, Álvaro Saiz, alisema wazi kwamba hii sio sadaka, shida yao ni chakula kinachoenda jalalani, hata Julio Iglesias, yule mwimbaji maarufu wa Hispania, akipita achukue tu. Julio Iglesias na utajiri wake wote!

Na chakula cha kuijaza kinatoka wapi? Hapa hakuna uchawi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu moja ya tano ya kilichomfikia mlaji, na asilimia 60 ya hiyo ilitupwa majumbani, sio kwenye supamaketi kama tunavyopenda kusingizia. Yaani chakula kipo, kimekaa tu kwenye friji isiyo sahihi. Wajerumani waliliona hili mapema, mtandao wao wa foodsharing, yaani kugawana chakula, ulianza mwaka 2012 na wakasambaza vituo vya kuachia chakula. Kochi, India, mwaka 2016 mwenye mgahawa Minu Pauline aliweka friji nje ya mgahawa wake akaiita Nanma Maram, mti wa wema, ili masalio mazuri ya wateja yasiishie kwenye pipa. New York zilianza 2020, korona ilipofunga kazi za watu zikaongezeka kwa kasi.

Sasa adui wa kweli wa friji hizi ni nani kama sio mwizi? Joto na uchafu.

Friji ya nyumbani imetengenezwa ikae ndani. Angalia stika iliyo nyuma au ubavuni ndani, utakuta herufi SN, N, ST au T, hiyo ndo inakuambia inavumilia hewa ya nje ya nyuzi ngapi. N ni kati ya 16 na 32, T inafika 43. Ukiiweka juani inazidi kiwango, kompresa, ile mashine ya kupoza, inazunguka bila kupumzika hadi inakufa. Na kwenye nchi za baridi kali ndo kinyume na wengi hawaamini, themostati inapima ubaridi wa ndani, inaona kumeshapoa inazima kompresa, na upande wa friza unaanza kuyeyuka wakati nje kuna theluji. Ndo maana nyingi zinajengewa kibanda chenye paa, sio urembo. Ongeza mlango unaofunguliwa kila dakika chache, hewa baridi ni nzito kwa hiyo inamwagika chini kama maji, na mtu anayeingiza sufuria nzima ya chakula bado cha moto anapandisha joto la kila kilichomo.

Kwa hiyo ukitaka kumjua anayeifanya friji hii iishi, usimtafute aliyejaza, mtafute anayekuja na kitambaa. Anafungua, kwanza anaangalia kipimajoto kidogo kilichoning'inia kwenye rafu, kinatakiwa kisome nyuzi 4 au 5 au chini ya hapo. Anapitisha kidole kwenye raba ya mlango maana uchafu hujificha kwenye mikunjo ya raba, ikilegea tu baridi yote inavuja. Anavuta droo ya chini, kuna majani yamekuwa uji mweusi, yanatolewa. Halafu kontena za plastiki anazigeuza moja moja akitafuta kipande cha tepu kilichoandikwa ni nini na kimepikwa lini. Isiyo na tepu inatupwa, hata kama inanukia vizuri. Hii inauma, najua, ila pua haitoshi, bakteria wa Listeria anaendelea kuongezeka polepole hata kwenye baridi na chakula chenye yeye kinaweza kunukia freshi kabisa. Nyama mbichi, samaki mbichi na mayai mabichi sehemu nyingi hazikubali, Galdakao walivikataza tangu mwanzo, na chakula cha kupikwa nyumbani lazima kiandikwe tarehe.

Mimi naona hapa ndo friji nyingi zinapokufa, siku ya uzinduzi watu hamsini wanapiga picha, wiki ya sita wa kufuta rafu amebaki mmoja na amechoka. Mahali zinapodumu kuna ratiba, jumatatu yako, jumanne yangu.

Serikali nazo zina woga wao, akiugua mtu nani ashtakiwe? Mwaka 2016 mamlaka za Berlin zilitaka friji za foodsharing zihesabiwe kama biashara za chakula, kila moja na mtu wa kuwajibika, ugomvi ukawa mkubwa. Marekani ina sheria ya tangu 1996 inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema kupitia mashirika yasiyo ya faida, ila haikuandikwa kwa kufikiria friji iliyosimama peke yake barabarani. Galdakao walimaliza mapema, waliomba halmashauri iipe friji hadhi yake maalum kisheria ili mji usije kudaiwa mtu akiugua, na halmashauri ikatoa hela ya kuanzia pamoja na umeme.

Halafu wakaizungushia uzio mdogo wa mbao. Ukiuona unadhani wameshindwa, wameanza kuogopa wezi, lakini uzio huo haufungwi. Uliwekwa ili mpita njia asidhani ni friji bovu mtu amelitupa barabarani.