"Usiuguse kwa chuma": dhana potofu kuhusu sarkoma ya mdomo

Dhana: uvimbe wa saratani ukiguswa na chuma, unasambaa.

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa shangazi aliyemleta mgonjwa kutoka Tandahimba: "Daktari, mpe dawa tu, kisu hapana." Kusini huku hata baadhi ya wahudumu wa afya wanaimba wimbo huo, na hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kikichukuliwa kwa utaratibu, ugonjwa hausambai kwa sababu hiyo. Bila kinyama hatujui tunatibu nini. Uvimbe wa ufizi au ulimi unaweza kuwa sarkoma (saratani ya tishu kama misuli, mifupa na mishipa ya damu), limfoma (saratani ya chembe za kinga), au kitu ambacho si saratani kabisa, na kwa macho vinafanana. Matibabu ndiyo hayafanani: rabdomiosarkoma (sarkoma ya misuli ya kujongea) ya mtoto hutegemea sana tibakemikali, liomiosarkoma (sarkoma ya misuli laini) ya mtu mzima hutegemea upasuaji, na sarkoma ya Kaposi ya mwenye VVU haitibiki vizuri bila ARV. Hata mtaalamu wa patholojia mara nyingi huhitaji vipimo vya ziada, kama vya desmini na miojenini (protini za misuli), ndipo azitofautishe.

Imani hii inatoka wapi? Mtu anakaa na uvimbe tangu mikorosho inapaliliwa mpaka minada ifungwe, anakuja umejaa kinywa. Kinyama kinachukuliwa, majibu yanasubiriwa, na uvimbe unaendelea kukua kama ulivyokuwa ukikua. Lawama anatupiwa aliyeshika kisu!

Chuma kinachoharibu kweli ni cha yule anayeukwangua uvimbe wote bila kipimo, akidhani ni jipu. Anaacha mabaki, mipaka ya uvimbe inapotea, na upasuaji wa pili unakuwa mkubwa zaidi. Sarkoma hutolewa pamoja na ukingo wa nyama nzima inayouzunguka. Ukingo ukiwa na ugonjwa, uwezekano wa kurudi ni mkubwa.

"Hauumi, basi si saratani." Sarkoma nyingi za mdomo huanza bila maumivu. Uvimbe au kidonda kikipita wiki 2, njoo.

"Tatizo ni jino, ling'oe." Jino zima lililolegea penye uvimbe lisiguswe kabla ya picha.

"Sivuti sigara wala sitii ugoro." Vizuri, endelea hivyohivyo. Tumbaku na pombe huchochea zaidi ile saratani ya kawaida ya utando wa kinywa. Sarkoma, ambazo ni takriban asilimia 1 tu ya saratani za kichwa na shingo, huwapata hata watoto.

"Naumwa mdomo, picha ya kifua ya nini?" Sarkoma husafiri kwa damu, na mara nyingi hutua kwanza kwenye mapafu.

Na kwa wenzangu wa vituoni: kinyama kiwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), mara 10 ya ujazo wake. Si spiriti, si maji ya chumvi. Nawe mgonjwa, ukipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kwa mionzi, usipande basi kabla hujaulizia ripoti yako na kile kitofali cha nta chenye kinyama chako, maana huenda wakataka kukipima upya.