Spea za trekta la zamani: soma namba ya kipuri, siyo jina la boneti

Beringi iliyo ndani ya boksi lenye nembo ya kampuni ya matrekta ina bei yake. Itoe kwenye boksi, ifute grisi, utaona ukingoni imeandikwa 6206. Beringi ya namba hiyohiyo imo kwenye mota za umeme, kwenye pampu za maji na kwenye mashine nyingine chungu nzima ambazo hazijawahi kukanyaga shamba. Nenda kwenye duka la beringi, taja namba, trekta usilitaje kabisa. Bei inashuka hapohapo.

Mimi ni fundi wa matrekta, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni yale yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Wenye matrekta hayo huja kwangu wakiwa wameshakata tamaa kwa sababu wameambiwa spea zake hazipo tena, au zipo kwa bei inayokaribia kulinunua trekta lenyewe. Mara nyingi zipo. Kinachokosekana ni jina sahihi la kuziulizia. Karibu hakuna kampuni ya matrekta iliyowahi kutengeneza kila kitu yenyewe: beringi zilitoka kwa watu wa beringi, sili kwa watu wa sili, pampu ya dizeli kwa watu wa pampu, na mara nyingi hata injini ilitoka kwingine. Kazi yako ni kumtafuta huyo aliyetengeneza kipuri, siyo aliyepaka rangi boneti.

Tuanze na hiyo 6206, maana watu wengi huiona kama namba ya siri. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zizidishe kwa 5 utapata tundu la katikati kwa milimita. Kwa hiyo 06 ni milimita 30. Upana wake wa nje ni 62 na unene 16, popote duniani itakapotengenezwa. Herufi zinazofuata nazo zina maana: 2RS ni kwamba imezibwa kwa mpira pande zote mbili, na C3 ni kwamba ina nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya joto. Ukiandikiwa C3, usirudi na isiyo na C3. Zile za magurudumu ya mbele, za roli zilizochongoka, huwa na namba mbili tofauti, moja ya koni na moja ya kikombe chake, kama LM67048 na LM67010. Zinunuliwe pamoja. Koni mpya kwenye kikombe kilichochakaa haidumu.

Sili za oili ni rahisi zaidi. Mgongoni zimeandikwa vipimo vitatu, tuseme 45-62-8: shafti, tundu inamokaa, na unene. Kama maandishi yamefutika, pima kwa kalipa, lakini shafti ipime pale ambapo sili haijagusa. Na hapa kuna jambo linalowagharimu watu sili tatu mfululizo. Pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa unakaa. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa kwenye mfereji uleule itavuja hata ingekuwa ya dhahabu. Kama kuna nafasi, isukume sili milimita mbili au tatu ndani au nje zaidi ya ilipokuwa ya kwanza, mdomo ukutane na chuma kisafi. Nimeokoa shafti nyingi za PTO (ile ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine za kazi) kwa njia hiyo bila mwenyewe kununua chochote zaidi ya sili.

Kwenye injini ndiko fedha nyingi inakookolewa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Massey Ferguson 135 lililo maarufu lile la dizeli lina injini ya Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5. Familia hiyohiyo ya injini imo kwenye 35 la silinda tatu lililolitangulia na kwenye 240 lililokuja baadaye. Perkins 4.236 nayo imo kwenye matrekta ya Massey Ferguson na Landini, lakini pia imo kwenye foklifti, jenereta na boti. Anayehangaika kutafuta pistoni za trekta mara nyingine ana jirani mwenye jenereta inayotumia pistoni zilezile, na muuza spea za jenereta hajui kabisa kwamba anauza spea za trekta. Tafuta namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, ukwangue rangi na matope mpaka isomeke. Kwenye Perkins za kuanzia miaka ya 1970, ikianza na LD ujue ni 4.236. Usikiamini kibati cha trekta peke yake. Trekta la miaka 50 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na injini iliyomo leo huenda siyo ile iliyotoka nayo kiwandani.

Filta ya dizeli ni mfano mwingine mzuri. Ile aina ya CAV 296 imefungwa kwenye matrekta ya makampuni hasimu tangu enzi hizo. Ukiuliza filta ya trekta lako utaambiwa iagizwe. Ukiuliza 296, muuzaji anageuka anaitoa rafuni.

Jambo la pili kuhusu majina: makampuni hufa na mengine huolewa, lakini namba za vipuri zinaendelea kuishi. Mwenye David Brown huzunguka mwaka mzima akiulizia David Brown, na kumbe kampuni hiyo iliingia kwenye Case mwaka 1972, kwa hiyo huko ndiko kwa kuanzia. Matrekta ya International Harvester nayo yaliingia Case mwaka 1985. Ford za zamani, kama 3000 na 5000, ukoo wao uko New Holland, na Massey Ferguson imo AGCO tangu 1994. Mara nyingi namba ya zamani imebadilishwa na mpya, na muuzaji mwenye orodha ya kubadilishia namba atakupatia ukimpa ile ya zamani. Muuzaji asiye nayo atakwambia haipo.

Kisha kuna matrekta ndugu. Ramani za Massey Ferguson zilitumiwa kwa leseni na IMT wa Yugoslavia, ambao 533 na 539 zao ni watoto wa lile 35, pamoja na TAFE wa India, na pia Millat wa Pakistan waliolitengeneza 240 miaka mingi baada ya Uingereza kuendelea na mengine. Fiat ilifanya vivyo hivyo na UTB wa Romania. Ndiyo maana vipuri vya matrekta haya bado vinatoka viwandani vikiwa vipya, kwa bei inayobebeka, wakati matrekta ya kisasa zaidi ya makampuni madogo hayana kitu. Lakini ndugu siyo pacha. Mara nyingi pistoni na gasketi hulingana, na hapohapo boliti ikawa ya milimita kwa mmoja na ya inchi kwa mwingine. Peleka kipuri cha zamani mkononi, ukilinganishe juu ya kaunta kabla ya kulipa.

Kuhusu kulinganisha, nina deni la kusema ukweli. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilifungua injini ambayo mwenyewe aliniapia kwamba kranki yake, yaani shafti kuu ya injini, haijawahi kuchongwa. Nikaagiza beringi za kranki saizi ya kawaida, STD, nikafunga. Injini ikawaka, geji ya oili ikapanda kidogo ikasimama, na ilipopata moto ikaanza kugonga. Nilipoifungua tena nilikwenda kwenye beseni nilimotupa beringi za zamani, nikazigeuza mgongo. Zilikuwa zimegongwa 010. Kranki ilikuwa imeshachongwa inchi 0.010, kwa hiyo beringi za STD zilikuwa zinalegea, na maandishi hayo yalikuwa mikononi mwangu siku nzima. Ikabidi ichongwe tena hadi 0.020, na gharama nikalipa mimi. Tangu hapo beringi yoyote ikitoka kwenye injini naigeuza kwanza, kisha napima kranki kwa mikromita, ndipo naagiza.

Vipuri vilivyotumika navinunua bila hofu pale ambapo ni chuma kizito kisichosuguana: habu, rimu, nyumba ya ekseli, kifuniko cha giaboksi. Giya pia, kama uso wa meno hauna vishimo. Sinunui sili, klachi pleti wala nozeli zilizotumika. Kabla ya kulipia kipuri cha chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, omba mafuta ya taa, kitambaa na chaki. Paka mafuta ya taa mahali unapopashuku, subiri kidogo, futa mpaka pakauke, halafu nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mwembamba mweusi kwenye weupe wa chaki. Nimewahi kuona mstari huo ukizunguka nusu ya habu ambayo kwa macho ilikuwa safi kabisa.

Kwa bushi za ekseli ya mbele na za kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia), usihangaike na maboksi. Fundi mkerezaji mzuri atakukerezea za shaba nyeusi kutoka kwenye fimbo, zikakaa vizuri kuliko za dukani, kwa sababu atazilinganisha na pini yako ilivyochakaa. Gasketi za pampu ya maji, za sampu na za vifuniko nakata mwenyewe: karatasi ya gasketi juu ya chuma, nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, unagonga taratibu ukingoni mpaka karatasi inajikata yenyewe. Zingatia unene wa ile ya zamani, hasa pale gasketi inapopanga nafasi ya giya au ya beringi. Gasketi ya silinda hedi ni ya kununua, nzima, kwa namba.

Oringi za haidroliki, zile pete ndogo za mpira, zina bei ndogo sana kiasi kwamba watu huzidharau, wakaweka za bomba la maji. Mpira wa kawaida ukikutana na oili unavimba na kulegea, na liftingi inashuka yenyewe na jembe likiwa juu. Omba za naitraili, useme ni za oili.

Mahali ambapo sibani bei ni matatu: breki, usukani, na pampu ya dizeli pamoja na nozeli zake. Mbili za kwanza zinabeba mtu. Ya tatu ina vipande vilivyosagwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele, na pampu ya bei rahisi inaweza kumwaga dizeli nyingi mpaka pistoni ikatoboka, na hapo akiba yote uliyoipata kwenye beringi na sili imekwisha. Hiyo pampu ipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kuipimia. Mara nyingi ya kwako ya zamani ikifanyiwa kazi inakuwa bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka.

Kila ninapofungua trekta naandika kwenye daftari namba ya kila beringi, vipimo vya kila sili na kilichogongwa mgongoni mwa kila kipuri, kisha nakala namwachia mwenye trekta, ndani ya mfuko wa nailoni kwenye sanduku la vifaa. Mmoja wao alinipigia simu katikati ya msimu, sili ya ekseli imepasuka, yuko shamba. Alinisomea mstari wa nne wa ukurasa wake. Kufikia jioni alikuwa ameshaipata, kwa muuza spea za malori.