Godoro laini si hisani kwa mtoto mchanga

Fundi wa Ngong Road, Nairobi, akikuonyesha kitanda cha mtoto, kwanza atabonyeza godoro lizame, kisha aseme: "Mama, hapa atalala kama malaika." Wengi tunamwamini. Tunaongeza mito pembeni na, kwa baridi ya Julai, blanketi zito juu.

Mambo ni kinyume. Mtoto wa wiki tatu hana nguvu za shingo za kujinasua. Pua ikizama kwenye sponji, anavuta tena hewa ileile aliyoitoa, na oksijeni inapungua kimyakimya. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa mito ya kuzungushia vitanda vya watoto mwaka 2022.

Kwa hiyo bonyeza godoro kwa kiganja. Ukitoa mkono, lirudi papo hapo. Vidole zaidi ya viwili vikiingia kati yake na ubao, ni dogo. Fito nazo zisiachane zaidi ya sentimita 6: kopo la soda lisipite.

Kitanda cha kuunganishwa na cha mama ndicho kinachotaka jicho kali. Magodoro yawe kimo kimoja, mwanya usiwepo kabisa. Mimi niliuziba kwa shuka iliyokunjwa. Usiku wa pili nikaikuta imechomoka. Kaza mikanda inayofunga kitanda hicho kwenye cha mama badala yake. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kazi ya kitanda hicho imekwisha.

Na baridi? Mvike nguo moja ya ziada, umlaze chali. Ile mito wapelekee wageni sebuleni.