Uwanda wa mafuriko: kwa nini Budalang'i hufurika hata jua likiwaka

Mgeni akikaa Bunyala, yaani eneo la Budalang'i magharibi mwa Kenya, kwa mara ya kwanza hupatwa na mshangao mmoja. Jua kali, vumbi barabarani, wiki nzima tone halijaanguka. Halafu usiku jirani anagonga mlango: mto unapanda. Kufika alfajiri kuku wako juu ya paa la jikoni na watoto wamebebwa mgongoni kuelekea barabara ya juu. Mvua yenyewe imenyesha wapi? Imenyesha Cherang'any na Mlima Elgon, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, ikashuka na Mto Nzoia kupitia Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Siaya, ikaporomoka Nabuyole kule Webuye, ikapita Mumias, na ikafika Budalang'i siku moja au zaidi baadaye, ilhali mbingu za Budalang'i hazina hata wingu. Kwa hiyo mtangazaji akisema mvua kubwa imeikumba Budalang'i, mara nyingi amekosea wilaya.

Mahali kama hapo wataalamu wa jiografia hupaita uwanda wa mafuriko. Ni ardhi tambarare kando ya mto ambayo mto wenyewe umeijenga kwa tope lake, na ambayo huifunika tena kila maji yanapozidi uwezo wa mkondo. Neno la kushika hapo ni "umeijenga". Tumezoea kuongea kana kwamba shamba lilikuwepo kwanza, kisha mto ukaja kulivamia. Mambo yalikwenda kinyume.

Ukitaka kuona ujenzi huo, nenda daraja la Ahero, karibu na Kisumu, siku ambayo Mto Nyando, nao unaoingia Ziwa Victoria, umejaa, uteke maji kwa jagi la kioo. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Liweke mezani usiliguse. Hujamaliza kuvua viatu, chembe za mchanga zimeshatua chini. Jioni utakuta tabaka la tope juu ya ule mchanga. Kesho yake maji ya juu bado yana ukungu, kwa sababu udongo ule laini kabisa hauna haraka ya kutua. Mto nao ni hivyohivyo: ukiwa na kasi hubeba kila kitu, kasi ikipungua huanza kutua mizigo, mizito kwanza.

Na kasi ya Nyando hupungua ghafla. Mji wa Nandi Hills uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Victoria liko kama mita 1,134. Mto na vijito vyake hushuka mteremko huo mkali kutoka Nandi, Tinderet na pande za Londiani, vikiwa vimekwangua mashamba na njia za ng'ombe, kisha vinajikuta kwenye uwanda wa Kano, bondeni kati ya mwinuko wa Nandi kaskazini na ule wa Nyabondo kusini, mahali palipo bapa kama sinia. Mzigo wote unaachwa hapo.

Maji yakiruka ukingo, mchanga huanguka palepale kando ya mto, tope husogea mbele kidogo, na udongo laini huenda kutulia mbali. Rudia hivyo kwa maelfu ya miaka na ukingo wa mto unakuwa umeinuka kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani sehemu ya chini kuliko zote ni mtoni, kwa hivyo mto ukishuka maji yatarudi yenyewe. Hayarudi. Yamekaa kwenye bakuli, na mdomo wa bakuli ni ule ukingo. Chini yake kuna udongo mweusi unaonata, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono na masika huvimba ukaziba kabisa. Ndiyo maana mto unaweza kuonekana mtulivu kabisa huku boma la watu, umbali wa kilomita mbili, likiendelea kukaa majini wiki ya tatu.

Udongo huohuo ndio unaolisha watu. Mpunga unapenda ardhi isiyovuja, na serikali ililijua hilo: skimu ya unyunyizaji ya Ahero ilianza 1969, ya Bunyala ikafuata. Anayeuliza kwa nini watu hawahami ajiulize pia kwa nini walikuja.

Budalang'i jibu lililochaguliwa lilikuwa matuta. Kuanzia miaka ya 1970 Nzoia ilijengewa tuta la udongo kila upande katika sehemu yake ya mwisho kuelekea ziwani. Kwa mafuriko madogo matuta hayo yamesaidia sana, tusiyadharau. Ila mto uliofungwa pande mbili hauachi kubeba tope. Hauna tena uwanda wa kulimwagia, basi hulilaza ndani ya mkondo wenyewe. Sakafu ya mto inapanda kidogo kidogo. Tuta linalohesabiwa kuwa refu leo, kesho ni fupi, ingawa hakuna aliyelipunguza. Na mwishowe mto unapita juu ya mashamba badala ya kupita kati yake.

Tuta lenyewe ni udongo, na udongo una maadui wengi. Fuko huchimba. Kiboko na ng'ombe hukanyaga njia ileile kila siku hadi pawe na kijibonde. Mtu anaona rutuba, anapanda mahindi mgongoni mwa tuta. Kisha siku maji yakiegemea, huanza jicho dogo upande wa nje, maji masafi kwanza, halafu yanageuka mekundu. Yakigeuka mekundu maana yake yanatoka na udongo wa ndani ya tuta, na hapo hakuna wa kusubiri. Maji ya mafuriko ya kawaida hupanda polepole. Ya tuta lililopasuka huja kwa kishindo, na tuta lililobaki huyazuia yasirudi mtoni. Budalang'i imeyaona hayo wakati wa El Nino ya 1997, ikayaona 2003, 2007, 2008, na tena 2020.

Juu nako kuna visa vyake. Msitu ukikatwa Cherang'any au Mau, mvua ileile hufika mtoni upesi zaidi na imebeba udongo mwingi zaidi. Chini, vinamasi vya mafunjo kama cha Yala, ambavyo kazi yake ni kupokea maji na kuyaachilia polepole, vimekaushwa kwa kilimo sehemu kwa sehemu. Bwawa la Koru-Soin kwenye Nyando lilipangwa, pamoja na mengine, lifanye kazi ileile.

Halafu kuna ziwa, na hili ni gharika ya aina nyingine kabisa. Ziwa Victoria hupata maji yake mengi kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile kule Jinja. Mvua ikizidi, haliwezi kukimbia. Mvua za mwisho wa 1961, ambazo wengi bado huziita za Uhuru, zililianzisha kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka kama mita 2.5. Rekodi hiyo ilidumu hadi Mei 2020, lilipoipita kidogo, na 2024 likapanda tena zaidi. Ziwa likiwa juu, Nzoia na Nyando hukosa mteremko wa kumalizia safari. Maji yanasimama mdomoni, yanarudi nyuma, na mvua ya kawaida tu kule milimani inatosha kufurisha uwanda.

Kwa hiyo ukiambiwa "kumefurika", uliza maji ya nani. Ya mto yana tope, yanasukuma, yanakuja kwa saa na kuacha mstari wa udongo ukutani. Ya ziwa hupanda kidole kwa kidole bila kelele, ni safi kiasi, huja na gugumaji. Mwaka 2020 kule Dunga, Kisumu, yaliingia kwenye vibanda vya samaki na hayakuondoka masika yalipoisha. Mfereji wa kuyatoa haungesaidia kitu. Ungeyapeleka wapi, nalo ziwa lenyewe ndilo lililofika mlangoni?