Ile ngome ya Haiti hawakujenga Wafaransa jamani

Kila picha ya Citadelle Laferrière ikizunguka mtandaoni lazima atokee mtu wa "wakoloni walijua kujenga", na nawaelewa, sisi tumezoea Fort Jesus pale Mombasa ambayo ni kazi ya Mreno, kwa hiyo ukiona kuta nene na mizinga akili inakimbilia kwa mzungu moja kwa moja. Sio hivyo. Haiti ilishajitangazia uhuru 1804, halafu Henri Christophe, jenerali wa vita vilevile vya kumng'oa Mfaransa, ndo akaianza juu ya mlima karibu na Milot, mita kama 900 hivi kutoka usawa wa bahari, wakihofia jamaa atarudi. Hakurudi. Nadhani mizinga ndo inachanganya watu maana ina nembo za wafalme wa Ulaya, lakini mingi ni ya kuteka, na yale makombora ya duara bado yamepangwa mafungu mafungu kama machungwa sokoni. Ila tusipambe sana, maelfu waliopandisha mawe kule juu walifanyishwa kazi kwa lazima, na Christophe, aliyejifanya mfalme 1811, kazikwa humohumo.