Je, Wajua Kwa Nini Friji Hugandisha Nyama Ikashindwa Kutoa Barafu?

Shangazi yangu wa Shella, hapa Malindi, ana nyumba ndogo anayoipangisha wageni, na jikoni mna friji ya milango miwili aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Ni ile aina yenye mashine ya barafu ndani yake. Hujazi maji kwenye trei wala hupindi plastiki kwa vidole vilivyokufa ganzi. Vipande vinadondoka vyenyewe kwenye kisanduku, hata usiku wa manane, na mgeni asiyejua hudhani kaingia mwizi. Ilifanya kazi wiki mbili. Kisha vipande vikaanza kukonda, vikawa vyembamba kama kucha, halafu visionekane tena.

Fundi akaitwa. Akafungua mlango, akafunga, akagonga ubavuni, akasema, "Gesi imeisha, mama."

Jioni Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, gesi ikiwa imeisha, mbona nyama imekuwa jiwe?"

Lile swali lilikuwa nusu ya jibu. Gesi ya friji si kama ya mtungi wa kupikia, useme inatumika kidogo kidogo mpaka ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua maana yake pana mahali panavuja. Na ikivuja, friza nzima hupoteza baridi, nyama na samaki na kila kitu. Haiwezi kuchagua kuisusia barafu peke yake. Kwa hiyo friza ikiwa na baridi ya kutosha na barafu haitoki, jambo la kwanza la kutazama ni maji.

Nikasema nitapita kesho yake.

Ili uelewe nilichokitafuta, lifuate tone moja la maji. Nyuma ya friji mna mpira mwembamba, robo inchi tu, unaotoka kwenye bomba la jikoni. Unaishia kwenye vali ndogo ya umeme iliyoko chini, kwa nyuma. Mashine ikitaka maji, vali hufunguka kwa sekunde chache, aghalabu kati ya 5 na 8, maji yakapanda na kumiminika ndani ya kalibu ya barafu, kiasi cha nusu kikombe. Kisha mashine inangoja kalibu ishuke mpaka nyuzi 8 au 9 chini ya sifuri. Hapo hufanya jambo ambalo mara ya kwanza nilidhani ni kasoro: inawasha hita. Barafu ikishagandamana na kalibu haitoki kwa kusukumwa, kwa hiyo inapashwa kidogo upande wa chini, ikaachia, na kijiti kinachozunguka kikavitupa vipande kisandukuni. Pembeni pana mkono wa waya unaoinuka na kushuka kila mara ili kuhisi kisanduku kimejaa kiasi gani. Ukikwama juu, mashine huamini barafu ipo tele, ikapumzika. Mzunguko mmoja wa kazi hiyo yote huchukua kama saa moja na nusu, wakati mwingine zaidi.

Sasa rudi kwenye zile sekunde, maana siri imo humo. Mashine nyingi za namna hii hazipimi maji. Zinahesabu muda. Vali inafunguka, saa inakwenda, vali inafunga, na kilichoingia ndicho kilichoingia. Mtengenezaji amepiga hesabu kwamba katika sekunde hizo maji yenye presha fulani yatajaza kalibu. Presha ikiwa ndogo, kalibu inapata robo yake, na wewe unapata kucha badala ya vipande.

Presha hiyo ni kiasi gani? Vitabu vya maelekezo vingi huandika angalau paundi 20 kwa inchi ya mraba, yaani karibu baa 1.4, na vingine hutaka 30 au zaidi. Friji hizi zimebuniwa kwa nyumba ambazo bomba la mji linaingia moja kwa moja jikoni na maji yake yanasukumwa mchana kutwa, usiku kucha. Sisi Malindi maji yetu husafiri kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, yakifika yanaingia tangini, na kutoka tangini yanashuka kwa uzito wake mwenyewe. Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hukupa kama baa 1. Tangi la Shangazi liko juu ya bafu, mita 4 hivi kutoka ilipo ile vali. Hiyo ni baa 0.4. Ili kufikia 1.4 ingebidi lipande mita 14, yaani likae kileleni mwa mnazi.

"Lakini maji yangu yanatoka vizuri," Shangazi akasema, akafungulia sinki kunionyesha. Na kweli yalitoka. Hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa sababu wingi wa maji na presha ya maji si kitu kimoja. Bomba la sinki lina tundu pana, kwa hiyo hata maji yasiyo na nguvu hukujazia sufuria upesi. Yaambie maji hayohayo yapite kwenye mpira wa robo inchi, yavuke chujio, kisha yapande mpaka friza, utaona yanavyochoka.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji fundi. Chomoa plagi. Funga maji kwenye ile koki ndogo ya ukutani, fungua mpira unapoingia nyuma ya friji, ulenge kwenye chupa tupu, kisha fungua koki tena. Kwa Shangazi chupa ya nusu lita ilikaribia dakika mbili kujaa, nasi tumechuchumaa nyuma ya friji kama wanaosubiri dafu lidondoke. Mpira wenyewe uchunguze pia, maana friji ikisukumwa ukutani huukunja ukawa kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Wa Shangazi ulikuwa sawa.

Tukanunua pampu ndogo ya nyumbani. Hapa nawatahadharisha, kwa sababu mwenyewe karibu nikosee dukani: pampu nyingi za bei nafuu huwaka zikihisi maji yanapita, na maji yanayokwenda kwenye friji ni machache mno, hazihisi kitu. Itafute inayowashwa na kushuka kwa presha, yenye kile kichupa kidogo cha kuhifadhi presha ubavuni. Fundi bomba akaifunga asubuhi. Chupa ileile ya nusu lita ikajaa ndani ya sekunde kumi na kitu. Tukarudisha mpira, tukachomeka plagi, tukangoja.

Kesho yake hamna kitu. Hata kucha moja.

Nikiri kwamba hapo nilianza kuifikiria upya ile gesi ya fundi. Kisha nikakumbuka namna ile vali inavyofunga. Ndani yake mna kiwambo cha mpira chenye kitundu kidogo sana. Umeme ukikatwa, maji hupenya kwenye kitundu, yakajaa nyuma ya kiwambo, na presha yake ndiyo inayokikandamiza mpaka kiziba. Maji hujifungia mlango yenyewe! Presha ikiwa hafifu, mlango hausimami sawasawa na vali hubaki ikitoa tone, tone, tone. Tone moja kwenye sinki halina neno. Tone moja kwenye kijibomba kinachoingia friza hugandia hapohapo mdomoni, la pili likaja juu yake, na baada ya siku chache pana kizibo cha barafu. Presha ndogo ilikuwa imetuharibia mara mbili: kwanza imeinyima kalibu maji, kisha ikaziba njia. Sasa nguvu tunayo, ila mlango umegandiana.

Nikachungulia kwa tochi ya simu, juu ya kalibu, kwa nyuma, pale panapoingia kijibomba cheupe. Ncha yake ilikuwa na barafu nyeupe. Tukachomoa plagi tena, tukahamisha samaki kwenye ndoo, tukachukua bomba la sindano lisilo na sindano, la duka la dawa, tukawa tunamiminia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, taulo limetandazwa chini. Maji ya kuchemka la, yatapasua plastiki. Kisu usithubutu, nimewahi kuona friza iliyotobolewa kwa kisu, na hapo gesi inaisha kweli. Ilichukua kama robo saa, kisha kizibo kikachomoka chote kwa mkupuo, chenye umbo la kidole.

Nina rafiki Lamu mwenye tatizo hilohilo, lakini lake ni zito zaidi, na kosa ni la wazee wetu. Katika nyumba nyingi za mawe za mji wa kale jiko liko juu kabisa, moshi upate kwenda zake. Ukiweka friji huko juu na tangi likawa palepale juu ya dari, kati yao pana mita moja au mbili tu. Yeye anapata maji matamu ya visima vya matuta ya mchanga ya Shela, ile ya hukohuko Lamu, lakini yakimfikia hayana nguvu hata ya kusukuma kiwambo. Bila pampu mashine ile ni pambo.

Si kila mara ni presha, lakini. Sababu ya pili kwa hapa kwetu ni stima. Ikikatika kwa saa kadhaa vipande vilivyo kisandukuni huyeyuka juu juu, ikirudi vinagandiana vikawa jabali moja, na ule mkono wa waya ukikwama juu ya jabali mashine inasema imejaa. Dawa yake ni kutoa kisanduku, kukigonga kwenye sinki na kuushusha mkono. Kwenye friji za kisasa mahali pa waya pana swichi au kitufe, na mgeni mmoja akikibonyeza kwa bahati mbaya unaweza kuhangaika wiki nzima. Kitazame kwanza kabla ya kumwita mtu yeyote.

Baridi nayo ipime. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama huwa ngumu hata katika nyuzi 8 chini ya sifuri, kwa hiyo ugumu wa nyama si kipimo kamili, samahani Shangazi. Mashine inaweza kungoja kutwa kalibu ifike pale inapopataka isifike. Wakati wa kaskazi, jiko likiwa tanuri na wageni wakifungua mlango kila dakika, friji iliyobanwa ukutani bila nafasi ya kupumua hupata taabu hasa. Na huku pwani chumvi ya hewani na vumbi hufanya utando kwenye mabomba ya nyuma. Yapige brashi laini, plagi ikiwa nje.

Chujio la maji hubadilishwa kila miezi 6 hivi. Likiziba, dalili ni zilezile za presha ndogo, kwa hiyo lianzie hilo kabla hujanunua pampu. Wenye visima wana jambo la ziada. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mwamba wa matumbawe, hubeba chokaa, na chokaa hujenga ukoko mweupe kwenye kile kichujio kidogo cha wavu mdomoni mwa vali, mfano wa chujio la chai la mwanasesere. Kitoe, kiloweke kwenye siki, kisugue kwa mswaki wa zamani. Maji ya kisima yakiwa ya chumvichumvi, barafu yake itakuwa laini na ladha itakujulisha. Hapo friji haina kosa.

Presha ikiwepo, baridi ikiwepo, kijibomba kikiwa wazi, mkono ukiwa chini, na bado hamna kitu, basi vali haipokei umeme au mashine yenyewe imeharibika, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha umeme. Mwonyeshe ulichokwisha kujaribu, asianzie kwenye gesi.

Kwa Shangazi vipande vya kwanza vilidondoka siku iliyofuata, saa nane za usiku, na akaamka kuvitazama. Nilikuwa nimemwambia amwage barafu ya awali, maana hubeba ladha ya mpira. Kumwaga kulimuuma, akaitia kwenye mtungi wa mrehani.

Wiki ya pili yule fundi akapita kudai hela yake ya kuangalia. Shangazi akamkalisha barazani, akamletea glasi ya juisi ya ukwaju, barafu imejaa mpaka juu, vipande vinene vinagongana. Fundi akaitikisa glasi, akaichungulia.

"Gesi uliongezewa na nani, mama?"