Maji ya ubavuni si maji ya mapafuni

Juzi jioni, hapa Kigoma, nilipanda daladala kutoka Mwanga kwenda Ujiji. Kiti cha nyuma yangu mama mmoja anaongea na simu, sauti inafika hadi kwa konda: "Dada yako wamemtoboa pafu, wamemwekea mpira, maji ya kwenye mapafu yanatoka tu, leo chupa ilikuwa na maji tangu asubuhi." Nilitaka kugeuka. Sikugeuka, nilikuwa nimetoka zamu na miguu inawaka moto. Lakini mwezi huu pekee nimeyasikia maneno hayo mara zisizohesabika, na baadhi yake yametoka vinywani mwa wauguzi wenzangu.

Maana yenyewe ni fupi. Maji ya ubavuni ni maji yaliyojikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Pafu limevikwa utando mwembamba, mbavu nazo kwa ndani zimetandikwa utando wa aina hiyo hiyo. Aliyewahi kumchuna mbuzi wa Idi anaujua: ule unaong'aa upande wa ndani wa mbavu, unabanduka kama nailoni. Kati ya tando hizo mbili mtu mzima ana majimaji ya kijiko kimoja hivi cha chakula, ya kulainisha tu pafu linapopanda na kushuka. Saratani ikifika pale, hasa ya titi au ya pafu lenyewe, tando zinavuja na mirija ya limfu iliyokuwa inayaondoa majimaji inaziba. Kijiko kinageuka lita. Pafu linabanwa, mgonjwa anahema juu juu na hawezi kulala chali.

Maji ya mapafuni ni kitu kingine. Hayo yako ndani ya pafu, kwenye vile vifuko vidogo vinavyopokea hewa, na mara nyingi huletwa na moyo ulioshindwa kusukuma damu. Hakuna mpira unaoweza kuyafikia. Mgonjwa huyo hukalishwa, hupewa oksijeni na dawa za kumkojoza. Ukimpa mgonjwa wa maji ya ubavuni yaliyoletwa na saratani dawa hizo hizo za kukojoza, utamchosha kwenda chooni na maji yatabaki palepale.

Kosa hili sisi wauguzi ndio tunaolifundisha. Miaka ya nyuma, katika wodi moja niliyokuwa nafanya kazi, nilimwambia kijana wa Kibirizi, muuza dagaa, kwamba mama yake mwenye saratani ya titi ana maji kwenye mapafu na daktari atamwekea mpira. Akakataa. "Sista, mkishalitoboa pafu, mama atapumulia nini?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo. Usiku ule dada zake wakamnyima mama maji ya kunywa, wakidhani ndiyo yanayoshukia mapafuni. Asubuhi nilimkuta midomo imepasuka.

Nikamwita kijana pembeni tukaanza upya. Nikamwambia pafu la mama ni boya la wavu, kifua ni ndoo. Boya halina tone la maji ndani. Ndoo ndiyo iliyojaa, na boya limesukumwa pembeni. Sisi tunatoboa ndoo, boya hatuligusi. Akafikiri kidogo, akasema, "Sasa si mngesema ndoo tangu jana." Akaweka saini.

Ninachokasirikia ni kwamba lugha haikukosa neno. Utando ule madaktari wanauita kwa neno la Kigiriki, pleura. Linasikika zito, lakini kwa Wagiriki wenyewe lilikuwa ni ubavu tu, ubavu huu huu tunaoulalia. Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, lakini muuguzi mwenzangu Mkristo alinionyesha kwenye zamu ya usiku kwamba katika Injili ya Yohana, sura ya 19, pale askari anapochoma kwa mkuki na kutoka damu na maji, neno la Kigiriki ni hilo hilo. Waliotafsiri kwa Kiswahili waliandika ubavu. Hawakuandika pafu. Kwa hiyo anayesema "maji ya ubavuni" hajarahisisha lugha ya daktari kwa ajili ya wasiosoma. Amelirudisha neno nyumbani kwake, na ametafsiri vizuri kuliko sisi wenye sare.

Wazee wetu nao walikuwa na kichomi, kutoka kuchoma: maumivu yanayomchoma mtu ubavuni kila akivuta pumzi. Ukilisikiliza neno hilo utaona linaeleza vizuri kabisa tando mbili zinazosuguana. Baadaye kichomi kikawa pia jina la nimonia, ambayo ni ugonjwa wa ndani ya pafu. Ndiyo tabia yetu: chochote kinachouma kifuani tunamsukumia pafu. (Na wale wanaobisha kwamba "huyu hana kansa, ana saratani", wajue saratani ni kaa kwa Kiarabu na kansa ni kaa kwa Kilatini. Ni kaa yule yule, amepita bandari mbili.)

Mtu ataniambia mgonjwa anatolewa maji na anapumua, jina lina shida gani. Shida ipo, na iko hapohapo kwenye kuyatoa. Maji ya ubavuni hayaachiwi yatoke yote kwa mpigo. Tukishafika lita moja na nusu hivi, mpira unabanwa kwa muda. Pafu lililosinyaa kwa wiki kadhaa likifunguka ghafla, mishipa yake midogo inaweza kuvuja, na sasa maji yanaingia ndani ya pafu kwelikweli. Dalili yake ni kikohozi kisichokatika, kifua kinakaza, oksijeni inashuka. Hapo muuguzi akiandika "maji kwenye mapafu" anaripoti dharura. Lakini kama ndivyo alivyoandika tangu siku ya kwanza, anayepokea zamu atashtukia nini?

Mpira wenyewe hupita juu ya ukingo wa ubavu, siyo chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya kila ubavu. Unauma, msidanganyane. Dawa ya maumivu hutangulia, ikibidi morfini ya maji, ndipo tunamwambia mgonjwa akohoe, avute pumzi ndefu, ainue mkono wa upande ule usije ukakakamaa. Anayelala kimya bila kujigusa kwa kuogopa maumivu ndiye anayetupa wasiwasi.

Ndugu huiita chupa "mashine". Haina mota. Ni ufundi ambao Gotthard Bülau wa Hamburg aliuchapisha mwaka 1891, na umeme wa Kigoma ukikatika inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ncha ya mrija imezama sentimita mbili hivi kwenye maji ili hewa itoke na isirudi. Mgonjwa akipumua, maji ndani ya mrija hupanda na kushuka. Yakiacha kucheza ghafla, tuite. Mpira unaotoa mapovu haubanwi kwa kujiamulia, maana hewa ikikosa njia hulisonga pafu upya. Na chupa hukaa chini ya kifua wakati wote, maji yasije yakarudi ubavuni. Nimewahi kumkuta shangazi mmoja, mtu safi sana, ameiweka kitandani kati ya miguu ya mgonjwa ili afagie vizuri uvunguni. Nilikimbia.

Wagonjwa wetu wengi wa saratani hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, na mara nyingi anayeulizwa kule historia ya mgonjwa ni ndugu aliyemsindikiza. Kwa hiyo mama wa kwenye daladala, kama utayasoma haya: dada yako hajatobolewa pafu. Ana maji ubavuni, na akiwa na kiu mpe anywe. Yale maji uliyoyakuta asubuhi chini ya chupa, chini ya alama ya plasta iliyoandikwa kwa kalamu, hayakutoka kwake. Tuliyaweka sisi kabla mpira haujaunganishwa. Yake ni yale yaliyo juu ya alama.